Jinsi ya kuangalia muvi za nyambizi: anza na masikio

Wakuu, kuna watu nimewapa muvi za nyambizi wakaangalie wakarudi kuniambia "mbona watu wamekaa tu wanatazamana, jasho linawatoka, hamna kitu", na kila nikiwauliza waliangaliaje majibu yanafanana, huyu aliangalia kwenye simu ndani ya daladala, yule aliweka sebuleni watoto wanacheza na jikoni kuna vitunguu vinakaangwa, mwingine alipata ile ya kutafsiriwa dj anaongea mwanzo mwisho. Hapo muvi haina kosa. Hizi picha zina namna yake ya kuziangalia na ukiijua hutokaa usinzie tena, alafu utaanza pia kuzikamata pale zinapokudanganya, maana zinadanganya sana, hata zile nzuri.

Kitu cha kwanza ukae nacho kichwani, nyambizi ya vita haina dirisha. Wale watu humo ndani hawaoni chochote, periskopi, lile bomba la kuchungulia juu ya maji, wanaitumia wakiwa karibu na juu tu, wakishashuka ni vipofu kabisa na maisha yao yote yapo kwenye masikio ya jamaa mmoja aliyekaa kwenye kona kavaa hedifoni. Sauti ndani ya maji inakimbia kama mita 1500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya inavyokimbia hewani, kwahiyo spana ikidondoka sakafuni adui aliye mbali anaweza akaisikia. Ndo maana wanatembea na soksi, ndo maana wananong'ona. Sasa we ukiangalia huku feni inaunguruma na jirani kafungulia singeli, umekaa kwenye muvi ambayo kila mtu anasikiliza kitu usichokisikia.

Maandalizi

Angalia usiku, watu wameshalala. Vaa hedifoni hata zile za bei ya chini, ni bora kuliko spika za tv ambazo zinamwaga sauti zote kwa pamoja. Zima feni kama unaweza kuvumilia joto, na kusema kweli hilo joto lenyewe linasaidia, maana nao humo ndani wanatota. Simu weka mbali. Kama bando halitoshi usiangalie kwa kukatakata, shusha kwanza yote ndo uanze, picha ikiganda katikati ya eneo la kimya umeshaliua hilo eneo na halirudi.

Alafu hili la dj. Mi nimekua na mabanda ya video, muvi ya kwanza ya nyambizi kuiona niliionea huko, tumebanana kwenye mabenchi na jamaa anatuelezea kila kitu kwa sauti yake, stelingi ni yupi, adui ni yupi, sasa anaenda kumfanyaje. Nawaheshimu sana wale watu, bila wao wengi wetu tusingeelewa hata picha moja. Ila miaka ilipopita nikaja kuiangalia The Hunt for Red October peke yangu kwa sauti yake yenyewe ndo nikagundua sikuwahi kuiona, kwa sababu ilikuwa na kimya kirefu kirefu na kile kimya chote kilikuwa kimejazwa maneno. Picha ya ngumi inavumilia kutafsiriwa, ngumi unaiona kwa macho. Nyambizi hapana. Tafuta ya lugha yake, weka maandishi ya chini.

Nini cha kusikiliza

Kuna ile sauti ya "piiing" ambayo kila mtu anaijua. Kila ukiisikia jiulize swali moja tu, nani kaipiga? Sona, yani mitambo ya kutafuta vitu majini kwa sauti, ziko za aina mbili, moja inasikiliza tu kimyakimya, nyingine inarusha sauti majini ikisubiri igonge kitu irudi. Hiyo ya kurusha ni sawa na mtu kuwasha tochi kwenye giza, utaona ila na wewe umeonekana na kila mtu. Kwahiyo nyambizi iliyojificha haipigi hovyo, na muvi ambayo nyambizi ya stelingi inajilialia "piiing, piiing" masaa yote kama king'ora huku imejificha, jua mtengenezaji ameweka ile sauti kama pambo. Meli ya juu ikipiga ndo sawa kabisa, huyo ni mwindaji, haogopi kujulikana. Kwenye Das Boot, muvi ya Wajerumani ya vita ya pili, zile pings zinatoka juu, zinakuja zinagonga bodi ya nyambizi kama mtu anarusha vijiwe kwenye bati, na wale mabaharia wote wanainua macho kuangalia dari. Ukishajua kinachoendelea utajikuta na wewe umeinua.

Sauti ya pili ni chuma. Nyambizi ikishuka inalia, inakwaruza, inaguna kama mlango wa zamani. Hesabu yake ni rahisi, kila mita 10 ukishuka maji yanaongeza mzigo wa karibu kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba, yani eneo kama la ukucha wa kidole. Ukifika mita 200 ni kilo 20. Chukua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji isimamishe juu ya ukucha wako, alafu kila ukucha wa bodi nzima ya ile nyambizi uwe na ndoo yake. Ukiwa na hiyo picha kichwani, siku nati inafyatuka kwenye Das Boot kama risasi na kuvuka chumba utaelewa kwanini hakuna anayepiga kelele.

Ya tatu ni mtu anayehesabu. Utamwona afisa ameshika saa ya kuhesabia sekunde baada ya topido, lile kombora linalokimbia majini, kutoka, na watu huwa wanadhani ni mbwembwe za sinema. Topido za Wajerumani za umeme wakati wa vita ya pili zilikuwa zinakimbia noti 30 hivi (noti ni kipimo cha mwendo wa baharini), ambayo ni kama mita 15 kwa sekunde, kwahiyo adui akiwa kilomita moja unasubiri zaidi ya dakika nzima ujue umempata au umemkosa. Dakika nzima ya kifo kumkaribia mtu ambaye hajui! Muvi nzuri inakuachia hiyo dakika. Muvi mbaya inakata, topido imetoka, kishindo, moto, basi.

Na usipuuze yule mwenye hedifoni. Kwenye Red October ni kijana anaitwa Jones, kaigiza Courtney B. Vance, mashine inamwambia anachosikia ni mtikisiko wa ardhi, yeye anaurekodi ule mngurumo anauharakisha mara kumi na hapo unasikika mdundo, kitu kilichotengenezwa na binadamu. Eneo ni dogo, hamna hata risasi, na mi nalirudia kuliko lolote kwenye ile muvi. Wafaransa walienda mbali zaidi mwaka 2019 na Le Chant du loup, muvi nzima inamfuata jamaa mwenye masikio ya dhahabu kama wanavyowaita wenyewe, na kosa lake moja la kusikia linaenda kuwatafuna wote. Omar Sy yumo. Mambo ya mapenzi yaliyowekwa katikati hayakunishika, unaweza ukaenda kunywa maji wakati huo.

Anza na ipi

Kama hujawahi kuangalia hata moja usianze na Das Boot. Najua nimeisifia na nitaendelea kuisifia ila ni nzito, anza na Red October ya 1990, Sean Connery ni nahodha wa Kisovieti anayeondoka na nyambizi mpya isiyo na sauti na hamna anayejua anaenda kufanya nini. Inakufundisha lugha ya hizi muvi bila kukuchosha, na ilichukua Oscar ya uhariri wa sauti, ambapo nadhani sasa unaelewa kwanini.

Alafu nenda Crimson Tide ya 1995. Hii ina Denzel Washington na Gene Hackman na kwa ugomvi wa watu wawili sijaona inayoishinda. Ujumbe wa redio unaingia nusu, umekatika, wa kwanza ulisema rusheni makombora ya nyuklia, huu wa pili haujulikani unasema nini. Kapteni anasema turushe, msaidizi wake anasema tusubiri mpaka tujue. Na wote wawili wana hoja! Jeshi la maji la Marekani lilikataa kusaidia kuitengeneza kwa sababu ya ile habari ya uasi ndani ya nyambizi yao. We angalia jinsi Hackman anavyoongea taratibu kadiri hasira inavyopanda.

Baada ya hapo ndo Das Boot, Wolfgang Petersen, 1981. Kuna ile ya sinema ya mwanzo kama saa mbili na nusu, na kuna ndefu iliyotoka 1997 inayokaribia saa tatu na nusu, chukua ndefu, kwa Kijerumani. Nahodha hana jina muda wote, vijana wake wanamwita kwa neno ambalo kwa Kiswahili ni Mzee tu, na ni Mzee kweli kwa maana yetu, anaangaliwa usoni kabla ya chochote kufanyika. Nyambizi ya aina ile ilikuwa na urefu wa mita 67 na watu kama 50 ndani, vyoo viwili, na mwanzo wa safari choo kimoja kimejazwa chakula. Kamera ya Jost Vacano inakimbia nyuma ya mabaharia kupitia yale matundu ya milango, alikuwa anakimbia nayo mkononi amevaa kofia ngumu asijipasue kichwa, na unauhisi ule ufinyu mpaka kwenye mabega.

Mi niliiangalia na mdogo wangu, laptop juu ya stuli, umeme umekatika tunatumia chaji iliyobaki. Wanapotaka kupenya mlango bahari wa Gibraltar nyambizi inapigwa, inaanza kuzama yenyewe, mshale wa kina unashuka unapita namba walizozoea, hakuna anayesema kitu, Mzee anaangalia ule mshale tu. Dogo akanigusa mkono akaninong'oneza, "Kaka, mbona na sisi tunanong'ona?" Tulikuwa wawili ndani ya nyumba. Sijui tulianza saa ngapi kunong'ona.

Pale zinapokosea

Sasa tuseme ukweli, nyingi ni mbaya. Na ubaya wao wa kwanza ni kutoka nje. Nguvu yote ya hizi picha ni kufungiwa, wewe na wao hamjui huko juu kuna nini, sasa mtengenezaji akiogopa utachoka anaanza kukutoa, mara ikulu, mara makao makuu ya jeshi, mara makomandoo porini. Hunter Killer ya 2018 iliongozwa na Donovan Marsh wa Afrika Kusini, nilifurahi sana kuona mtu wa bara letu kapewa nyambizi na Gerard Butler, na maeneo ya chini ya maji yamo mazuri tu, wanapenya kwenye mabomu ya kutegwa polepole unashika kiti. Ila nusu ya muda upo nchi kavu na makomandoo wanaokoa rais wa Urusi, kila ukianza kubanwa pumzi unatolewa kupunga upepo. Ukiona trela ina helikopta nyingi kuliko nyambizi, usitegemee makubwa.

Ubaya wa pili ni historia, na hapa huwa nakasirika. U-571 ya 2000 ina kishindo kizuri, nayo ilibeba Oscar ya uhariri wa sauti, mabomu ya kina yanayodondoshwa na meli yakilipuka unahisi kwenye meno. Hadithi yake ni kwamba Wamarekani ndo waliovamia nyambizi ya Ujerumani wakachukua Enigma, mashine ya kuandikia ujumbe wa siri. Sio kweli. Tarehe 9 Mei 1941 mabaharia wa Kiingereza kutoka meli ya HMS Bulldog waliingia nyambizi ya Kijerumani U-110 wakaichukua hiyo mashine, na Marekani haikuwa hata imeingia vitani, iliingia Desemba mwaka huo. Alafu Oktoba 1942 Waingereza wa HMS Petard wakaingia U-559 inayozama, wawili wakafa humo humo wakitoa vitabu vya siri, Fasson na Grazier. Tony Blair, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, alikubali bungeni kwamba muvi hiyo ni kuwakosea heshima waliokufa. Iangalie kama unataka, mi sikukatazi, ila ukimaliza usiende kumsimulia mwanao kama historia.

Lugha nayo. Warusi wote wanaongea Kiingereza, kila mtu na lafudhi yake, Connery kabaki na ya Scotland, Harrison Ford kwenye K-19 anajitahidi ya Kirusi inakuja inapotea. Ni kama umwone muigizaji kapewa nafasi ya nahodha wa Unguja anaongea Kiswahili cha Mwanza, habari yote nzuri ila sikio linagoma. Red October angalau waliwaza, wanaanza na Kirusi, kamera inasogea polepole mpaka mdomoni kwa afisa anayesoma, anatamka "Armageddon", neno lililo sawa kwenye lugha zote mbili, na kuanzia hapo ni Kiingereza. Hilo limefikiriwa.

Ila K-19 usiitupe kwa sababu ya lafudhi. Ni ya Kathryn Bigelow, 2002, na ajali yenyewe ilitokea kweli kwenye nyambizi ya Kisovieti ya jina hilo tarehe 4 Julai 1961, mfumo wa kupooza kinu cha nyuklia ukavuja na vijana wakaingia kwenye mionzi kutengeneza njia nyingine ya maji, wanane walikufa ndani ya wiki chache. Kwenye muvi wanavaa nguo za kujikinga na kemikali ambazo kwa mionzi hazina maana. Wanaingia kwa zamu za dakika chache. Mtu anayetoka unamwona uso, anayefuata naye anamwona uso.

Makosa madogo madogo utayaokota mwenyewe, taa zinazomulika kama ukumbi wa disko, korido pana unaweza kupitisha bajaji. Na nyingi hazina mwanamke hata mmoja, ambayo kwa vita ya pili ni kweli ilikuwa hivyo, ila za siku hizi hamna sababu, Norway iliruhusu wanawake kwenye nyambizi tangu 1985.

Wale wa juu

Hili ndo limenifanya niandike yote haya. Karibu kila muvi ya nyambizi inakuweka ndani, kwahiyo meli ikipigwa huko juu unasikia kishindo, jamaa wanakumbatiana, basi. Waliokuwemo kwenye ile meli ni sauti tu.

Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilikuwa imetoka Mombasa inaenda Colombo, ina watu zaidi ya 1500, na kundi kubwa walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi cha 301, na manesi walikuwemo. Karibu na Maldives nyambizi ya Japani, I-27, ikaipiga topido mbili. Ilizama ndani ya dakika mbili. Wakafa watu 1297. Waliobahatika wakawa wanaelea, na ile nyambizi ikaenda kujificha chini yao, na manowari mbili za Kiingereza zilizokuwa zinasindikiza zikalazimika kudondosha mabomu ya kina palepale watu walipokuwa wanaelea. Moja ya hizo manowari ni HMS Petard, ileile ya U-559. Wazee waliotoka kwetu walikuwa ndo wale wa juu, wale ambao kwenye muvi tunawasikia kishindo tu, na sijawahi kuona picha inayowaonyesha.

Kwahiyo ukifika kwenye Das Boot, kuna usiku ile nyambizi inaibuka kuimalizia meli ya mafuta waliyoipiga masaa kadhaa nyuma, inawaka mpaka bahari imekuwa nyekundu. Mzee anaamini watu wameshaokolewa. Wanapiga topido nyingine, na hapo ndo wanaona watu wanakimbia juu ya sitaha, wanaruka, wanaanza kuogelea kuja kwao wanaomba. Nyambizi haina nafasi ya kuwaweka. Mzee anatoa amri ya kurudi nyuma, na injini inarudi, polepole, na zile sauti zinabaki majini. Watu wengi wanaliruka hili eneo wakisubiri Gibraltar. Usiliruke, ongeza sauti, msikilize anavyoitamka ile amri alafu waangalie vijana waliosimama nyuma yake.